Tumeitwa Tena Darasani

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya walimu katika maadhimisho ya siku ya ualimu, 30 Aprili, kambi ya Nyarugusu)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Kwetu Kongo tarehe 30 Aprili ni siku kuu ya ualimu. Siku kama hii watu wamezoea kusikia walimu wakisifiwa. Leo tumeomba nafasi ya kusema jambo jingine. Tumeomba kuungama, kisha kushuhudia.

Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika tukiwa watoto wa kubebwa mgongoni, tangu mwaka 1996 kambi hii ilipofunguliwa na miaka iliyofuata. Tulijifunza kusoma humu humu. Baadhi yetu tukajaliwa kupita chuo cha ualimu, tukarudi kushika chaki mbele ya wadogo zetu. Tulisema huu ni wito. Tulisema hivyo kwa sauti kubwa, maana bado hatujajaribiwa.

Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipunguzwa, tukafunga mkanda. Lakini kilichotuvunja moyo kabisa ni mwezi wa Januari 2025. Habari mbili zilitufikia katika wiki moja. Ya kwanza, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa. Ya pili, mji wa Goma uliingia mikononi mwa kundi la M23, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Mlango wa kwenda mbele ulifungwa, na wa kurudi nyumbani ukafungwa siku zile zile. Miongoni mwetu walikuwepo waliokwisha kugawa masufuria yao kwa majirani. Ilibidi wapite nyumba kwa nyumba kuyaomba tena.

Hapo ndipo tulipoanguka. Chuoni tulifundishwa kwamba andalio la somo huanza na lengo. Mwalimu asiye na lengo asiingie darasani. Sisi tuliingia bila lengo, na siku nyingine hatukuingia kabisa. Tulikaa nyuma ya shule kwenye kivuli, tukizungumza habari za redio. Tuliulizana, tunawafundisha watoto hawa waende wapi?

Asubuhi moja msichana wa darasa la sita alitufuata pale kivulini. Hakuja kulalamika. Alisema, "Mwalimu, tarehe tumekwisha kuiandika ubaoni. Tunangoja somo." Tulipoingia tulikuta tarehe ya siku hiyo imeandikwa vizuri, na chini yake neno "Somo" na nukta mbili. Baada ya nukta hizo hapakuwa na kitu. Watoto walikuwa wameandika hivyo kila siku tulipokuwa hatupo. Ndugu zetu, tuliona aibu.

Jioni ile walimu tulikutana kusali, kila mmoja kwa imani yake. Tulisoma habari za Nabii Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya alikuwa mkimbizi kama sisi. Alimkimbia Yezebeli, akaenda jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai wake. Tulijitambua mara moja, maana hata sisi tulikuwa tumeketi chini ya mti.

Tulijifunza mambo matatu katika habari hiyo.

Kwanza, Mungu hakumkemea. Malaika alimwamsha akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Hili tunawaambia kwa heshima wageni wetu wa mashirika na viongozi wetu wa dini: mtu aliyekata tamaa na mwenye njaa asianzishiwe mahubiri. Imani haikuchukua mahali pa mkate katika habari hii. Mkate ulitangulia.

Pili, Eliya alipofika mlima Horebu alidai kwamba amebaki peke yake. Akajibiwa kwamba wamo watu elfu saba katika Israeli wasiompigia Baali magoti. Kukata tamaa humfanya mtu ahesabu vibaya. Sisi tulihesabu safari zilizofutwa. Hatukuwahesabu watoto walioandika tarehe.

Tatu, na hili ndilo lililotuinua, Mungu hakumwonyesha Eliya mwisho wa mateso yake. Alimpa kazi. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kumtafuta Elisha, kijana aliyekuwa shambani akilima kwa ng'ombe, ili amrithi. Yaani nabii aliyevunjika moyo alitumwa kumtafuta mwanafunzi. Sisi wetu hatukuwa na haja ya kuwatafuta. Walikuwa wametufuata wenyewe hadi kivulini.

Mwenzetu Mwislamu akaongeza habari za Nabii Yunus, aliyewaacha watu wake kwa hasira, akamlilia Mola wake ndani ya tumbo la samaki, kisha akatumwa tena kwa watu. Tukaona kwamba anayeitwa anaweza kuikimbia kazi yake, na bado akaitwa mara ya pili.

Tangu siku ile tuliwekeana ahadi, kwamba hakuna darasa litakalokaa na neno "Somo" lisilo na kitu mbele yake. Mwalimu akiugua, mwenzake ataunganisha madarasa. Mwalimu akivunjika moyo, hatutamcheka. Tutamtembelea, na tukiwa na unga kidogo tutaubeba.

Hatusemi kwamba shida zetu zimekwisha. Chaki huisha kabla ya muhula, na watoto wanne husoma kitabu kimoja. Wazazi, tunawaomba mtuletee watoto hata siku za njaa, na wasichana msiwaache nyumbani kwa kazi za kuni na maji. Ndugu wa mashirika, tunawaomba vitabu na chaki vitangulie semina. Nasi tukikaa tena kivulini, Kamati isituonee haya, itutume darasani.

Hatujui kama watoto hawa watasomea Baraka, Uvira, au nchi tusiyoijua. Swali hilo tumemwachia Mungu. Lililo letu ni la kesho asubuhi: tarehe, somo, na lengo lake.