Habari za Wagonjwa Wasioweza Kumeza



Tumeombwa katika siku hizi za yubile tuseme habari za wagonjwa, nasi tumewachagua wale wasiotajwa sana, ndio walioshindwa kumeza. Kipofu hushikwa mkono, na kiwete hupishwa njiani. Lakini asiyeweza kumeza haonekani, maana hukaa ndani, tena huona haya kula mbele ya watu. Na kwetu sisi chakula ni cha pamoja. Asiyekula na wenzake amekwisha kutengwa, ijapokuwa hakuna aliyemfukuza.

Kumeza ni kazi kubwa kuliko tudhanivyo. Tonge likifika kooni, njia ya pumzi hufungwa kwa kitambo kidogo, na njia ya chakula, yaani umio, hufunguka. Kazi hiyo ikiharibika mtu hupaliwa, na maji au uji hushuka mapafuni na kuleta homa ya mapafu. Tena wako wanaopaliwa kimya kimya, pasipo kukohoa. Hao ndio wa kuogopewa zaidi.

Katika watu waliopigwa na kiharusi, yapata nusu yao huona shida hii siku za kwanza. Huko Uingereza kanuni yataka mgonjwa wa namna hiyo apimwe kumeza kwake katika saa 4 za kwanza, kabla hajapewa chakula, maji, wala dawa ya kinywani. Kwetu je? Ndugu zake huja saa ya kutazama wagonjwa, wamechukua uji katika chupa, nao kwa mapenzi humnywesha angali amelala chali. Hatuwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Muuguzi mmoja ana wodi nzima. Na wataalamu waliosomea kazi ya matamshi na kumeza ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, nacho kilikuwa cha kwanza katika Afrika ya Mashariki. Walakini kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Muuguzi aliyefundishwa humketisha wima mgonjwa aliye macho, humpa maji kidogo kwa kijiko cha chai, kisha humwangalia kama atakohoa, au kama sauti yake itageuka kuwa ya majimaji. Basi tofauti kati ya mgonjwa wa kule na wa huku si mashine peke yake. Mara nyingine ni kijiko na mtu wa kukishika.

Na tuseme habari za vidonge. Dawa nyingi za zahanati ni vidonge, na asiyeweza kumeza huambiwa avisage. Lakini viko vidonge visivyofaa kusagwa, maana vimefanyizwa vitoe dawa pole pole. Mgonjwa wa shinikizo la damu akiona vyamkwama huviacha, naye huandikwa kuwa mkaidi.

Watoto wenye mtindio wa ubongo wana mashaka yao. Mama huambiwa mtoto ni mvivu wa kula, au kimeo chake ni kirefu, kikatwe. Twasema wazi: kukata kimeo hakumfundishi mtoto kumeza, humtoa damu na kumtia jeraha kooni. Mlo mmoja wa mtoto kama huyo waweza kuchukua saa nzima, na mama yake hapati nafasi ya kulima wala kuuza sokoni, hata umaskini huongezeka juu ya ugonjwa. Nanyi walimu mwajua ya kuwa mara nyingine mtoto hakosi shule kwa ajili ya akili yake, bali kwa kuwa hakuna wa kumlisha saa ya uji.

Iko pia saratani ya umio, nayo ni nyingi katika ukanda wa mashariki ya Afrika, tangu Ethiopia hata Afrika Kusini. Kwanza nyama hukwama, kisha ugali, kisha wali, mwisho hata mate. Wengi hufika hospitali wakati uji tu ndio upitao, maana miezi imekwisha katika dawa za vidonda vya tumbo na kutafuta nauli. Mtu wa Kigoma akitumwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ana kilomita zaidi ya 1,000 mbele yake, wala hawezi kula kitu kiuzwacho stendi. Huko Tenwek, katika Bomet ya Kenya, madaktari huwatia wagonjwa bomba dogo la waya lijitanualo ndani ya umio. Haliponyi saratani, lakini mtu huweza kula tena na wanawe. Mahali pengi bomba hilo halipatikani, au bei yake yashinda mavuno ya mwaka. (Wako kwetu wanaojisifu kunywa chai ikitoka motoni. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza ya kwamba vinywaji vyenye moto uzidio nyuzi 65 yamkini huleta saratani hii.)

Basi twaomba mambo machache. Anayelishwa aketishwe wima, apewe kidogo kidogo kwa kijiko, angojewe ameze, wala asilazwe upesi baada ya kula. Ambaye chakula humkwama kwa majuma mawili aende hospitali, asingoje hata ashindwe na uji. Na wazee wa kila mtaa waulize nyumba kwa nyumba ni nani hali tena pamoja na wenziwe, na kwa ruhusa yake wampelekee habari mganga wa kituo cha afya kabla ya mvua kufunga njia.