Urimbo bila urembo

Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo. Kwa wale waliokulia mjini, urimbo ni ule utomvu unaonata ambao watoto wa shamba huupaka kwenye kijiti ili wanase ndege. Ndege hauoni utomvu. Yeye huona kijiti kizuri cha kutua. Leo nataka tuutazame msemo huu kwa mfano wa hoteli moja ya starehe na kamari, kisha tujiulize kama sisi huku nyumbani tumesalimika.

Hoteli yenyewe iko Sun City, Afrika Kusini, mwendo wa kama saa 2 kwa gari kutoka Johannesburg. Nililala huko siku 3, kwa sababu mkutano nilioalikwa ulifanyika huko na wenye mkutano ndio waliolipa. Nalisema hilo mapema msije mkadhani mshahara wa mzungumzaji wenu umepanda.

Uzuri wa mahali pale siwezi kuukana. Lipo jumba liitwalo Palace of the Lost City, lililofunguliwa mwaka 1992, lenye minara mirefu na sanamu ya tembo ukubwa wa tembo mwenyewe. Nje kuna msitu uliopandwa kwa mikono ya watu. Kuna na ufuko wa mchanga wenye mawimbi, ingawa bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Kuna na daraja ambalo hutetemeka na kunguruma, likiigiza tetemeko la ardhi ambalo eti liliuangamiza mji wa kale uliokuwa hapo. Mji huo haukuwahi kuwapo. Ni hadithi iliyotungwa pamoja na ramani za ujenzi. Kitanda nilicholalia kingewatosha watoto wangu na wa jirani pia.

Swali nililokuwa nalo ni moja: nani analipia yote haya? Bei ya chumba ni kubwa, lakini mambo kama haya yalianzishwa kwa kutegemea fedha za kamari.

Historia yake inafundisha. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1965 ilipiga marufuku kamari, isipokuwa mashindano ya farasi. Kisha mwaka 1977 serikali ya makaburu ilivitangaza vipande vya ardhi vilivyotawanyika, vilivyoitwa Bophuthatswana, kuwa nchi huru. Ulimwengu ulikataa kuitambua nchi hiyo. Hata hivyo, uhuru huo wa bandia ulitosha kwa jambo moja: marufuku ya kamari ya Pretoria haikufika huko. Tajiri mmoja wa mahoteli, Sol Kerzner, akaiona nafasi hiyo, na Sun City ikafunguliwa Desemba 1979. Mwisho wa juma wenye fedha wa Johannesburg wakawa wanakwenda kufanya kwa jirani yale waliyokatazwa nyumbani.

Mwaka 1985 wanamuziki wengi, wakiongozwa na Mmarekani Steven Van Zandt, walitoa wimbo wa kuapa kwamba hawatatumbuiza mahali hapo maadamu ubaguzi wa rangi unaendelea. Bophuthatswana ilikufa mwaka 1994, hoteli ikabaki. Mwaka 1996 Afrika Kusini mpya ilipitisha sheria ya kuruhusu kasino kwa leseni, na tangu hapo mkazi wa Johannesburg hana tena haja ya kusafiri.

Sasa tuingie ndani ya kasino, maana huko ndiko kwenye somo. Kasino za ulimwengu zinafanana. Kwa kawaida hakuna saa ukutani wala dirisha, hivyo usiku na mchana ni kitu kimoja. Fedha yako hubadilishwa kuwa vipande vya plastiki vya rangi, na mtu hutupa kipande cha plastiki kwa moyo mwepesi kuliko noti aliyoitolea jasho. Mashine moja ikitoa ushindi hupiga kengele na kumetameta taa. Mashine hamsini zikimeza fedha hunyamaza. Anayepita husikia ushindi tu.

Lakini hila kubwa kuliko zote haijafichwa. Iko mezani, mbele ya macho ya watu. Chukueni gurudumu la ruleti, la aina ya Ulaya. Lina nafasi 37, kuanzia sifuri hadi 36. Tuseme wachezaji 37 wanaweka shilingi 1,000 kila mmoja, kila mtu na nambari yake. Mezani kuna shilingi 37,000. Gurudumu linazunguka, mmoja anashinda, analipwa mara 35 ya alichoweka na kurudishiwa shilingi 1,000 yake. Jumla anaondoka na shilingi 36,000, watu wanampigia makofi. Shilingi 1,000 imebaki kwa mwenye kasino. Wakirudia mara 37, mwenye kasino amekusanya shilingi 37,000, na katika mchezo huo hakubahatisha hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika jumba lile lote, mtu mmoja tu hachezi kamari, naye ni mwenye jumba. Yeye anafanya hesabu. Tembo wa sanamu, mawimbi na kitanda kipana ni gharama za kumfanya mgeni akae, kwa sababu hesabu ile inahitaji muda tu. Anayecheza kidogo anaweza kuondoka na faida. Anayecheza sana, hesabu humpata.

Nilirudi Johannesburg na dereva mmoja mwenyeji wa Lubumbashi, ambaye kazi yake ni kupeleka na kurudisha wageni. Aliposikia natoka Dar es Salaam alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Nilimwuliza abiria wake wakoje. Akaniambia, "Papa, saa ya kuya banaimba. Saa ya kurudia banauliza tu: tunafika saa ngapi?" Sikuona haja ya kumwuliza zaidi.

Ndugu wasikilizaji, pengine mtaniambia kwamba hayo ni mambo ya matajiri na sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Zamani kamari ilikuwa na safari. Ilibidi uwe na gari, nguo nzuri, na fedha za kuacha mezani. Umbali huo wenyewe ulikuwa kinga kwa mtu wa kipato kidogo. Leo tazameni vijiwe vyetu. Karibu na genge la nyanya imewekwa mashine ambayo vijana wanaiita dubwi, inayomeza sarafu ya mtu aliyetumwa chumvi. Na asiyeifikia mashine ana simu. Anabeti akiwa kwenye daladala, anabeti akiwa kitandani, na mkeka ukichanika anaandaa mwingine kabla hajafika kituoni.

Hesabu ni ile ile ya mwenye jumba. Kilichoondolewa ni jumba. Tajiri wa Sun City angalau alilazimika kujenga pwani mahali pasipo na bahari ndipo amnase mteja wake. Huku kwetu hakuna pwani wala kitanda kipana. Tumeletewa urimbo bila urembo, nasi tunatua.

Najua hoja ya upande wa pili. Michezo hii inalipa kodi na inaajiri watu, na hilo ni kweli. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeweka bodi ya kuisimamia, na watoto walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Lakini mwenye kibanda anayemwona mtoto wa sare za shule akisimama mbele ya dubwi hahitaji kusubiri mkaguzi kutoka makao makuu. Wala mzazi hahitaji. Na serikali inapohesabu kodi iliyoingia, ihesabu pia karo ambayo haikulipwa na kodi ya nyumba iliyoishia kwenye mkeka, maana fedha hizo zimetoka katika mifuko ile ile.

Kwa kijana anayenisikiliza, ushauri wangu ni mdogo. Chukua daftari, kwa mwezi mmoja andika kila shilingi uliyoweka na kila shilingi uliyopata. Usiandike ule ushindi mkubwa tu unaousimulia kijiweni, andika yote. Mwisho wa mwezi jumlisha mwenyewe. Mwenye kampuni ameshajumlisha zamani, na ndiyo maana anakukaribisha kwa tabasamu.