Udongo Huenda Hali ya Hewa Inapogeuka

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kitale na Bungoma)



Kila nikizungumza juu ya mmomonyoko, hakosi mzee wa kuniambia: "Mama, mvua ni ya Mungu, na Nzoia ilikuwa na rangi ya chai tangu babu zetu." Hilo ni kweli nusu. Udongo umetembea tangu zamani, lakini si kwa mwendo mmoja.

Tazameni Mlima Elgon. Miaka kama 20,000 iliyopita kilele chake kilikuwa na barafu. Nchi ilikuwa baridi tena kavu. Katika miaka ya 1960 watafiti walichimba matope ya kinamasi kule Cherangani, wakakuta chavua, ule unga wa maua, ya mimea ya wakati huo. Ilionyesha misitu imerudi nyuma na nyasi zimeenea. Hata Ziwa Viktoria lilikuja kukauka! Halafu mvua zikarudi. Hebu fikirini mvua kubwa inaangukia mlima ambao msitu wake haujarudi. Msitu ukishakua, mizizi hushika udongo hata mvua ikizidi. Hatari iko pale katikati, hali ya hewa inapogeuka na ardhi bado iko uchi.

Kwetu hakuna aliyeweka hesabu ya udongo kwa miaka mia tatu. Malindi iko. Pale Mto Sabaki unapoingia baharini kuna matumbawe yanayokua polepole, mwaka juu ya mwaka, kama pete za mti. Udongo ukifika baharini, madini yake hubaki ndani ya tumbawe. Watafiti waliyasoma, wakatoa habari mwaka wa 2007: kutoka 1700 hadi 1900 hivi, udongo ulioletwa na mto ulikuwa karibu sawa, ingawa ukame na mafuriko vilikuwepo. Baada ya 1900 ukapanda mara nyingi. Mto huo hupita Ukambani, ambako wakati wa ukoloni watu na mifugo walibanwa kwenye ardhi ndogo, na vilima vikafyekwa. Mvua kubwa ikifuata ukame, kama ilivyokuwa katika miaka ya 1970, maji hukuta ardhi haina kitu cha kuyazuia.

Sasa turudi nyumbani. Januari tunachoma mabua au tunaachia ng'ombe wayamalize. Februari tunalima, mara nyingi kufuata mteremko kwa sababu trekta inataka hivyo. Machi tunangoja mvua, shamba jeupe kabisa. Yaani ukame tunautengeneza wenyewe, kila mwaka! Na mvua siku hizi haina adabu. Mwaka wa 2019 masika yalichelewa, kisha Novemba ikanyesha mpaka milima ya Pokot Magharibi ikaporomoka na kuua watu zaidi ya 40.

Mbolea ya dukani mnaijua bei. Ile ya juu ya shamba inashuka Budalangi bure.

Kwa hiyo msichome mabua, yalazeni kukingama mteremko. Pandeni napia kwenye kingo za matuta, ng'ombe naye atapata chakula. Tena mvua ya kwanza ikinyesha, kila kikundi kichote chupa moja ya maji yanayotoka shambani. Iacheni itulie usiku kucha, mje nayo mkutano ujao, tupime matope kwa rula.