Polisi wachache, njia nyingi: tuombe doria mahali inapohitajika

Maneno ya mfanyakazi wetu wa uwanjani mbele ya wakimbizi wa ndani na viongozi wao, Djugu, Ituri



Katika kila mkutano mnatuuliza: kwa nini polisi hawatoshi? Swali hilo ni la haki. Hakuna kati yetu aliyesahau Savo, karibu na Bule. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu wapatao 60 waliuawa ndani ya kambi, na askari hawakuwa mbali. Basi kuwa na askari karibu si sawa na kulindwa.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kituo kina polisi 9, wanaofanya kazi kwa zamu 3. Kila zamu ina watu 3. Mmoja analinda kituo na waliofungwa. Wa pili ni mgonjwa, au amesindikiza mshitakiwa mpaka Bunia. Anabaki mmoja, naye hawezi kufanya doria peke yake usiku. Kwenye karatasi kuna polisi 9, njiani hakuna hata mmoja. Wakiongezwa 3, kila zamu inapata mtu mmoja zaidi. Hapo doria inawezekana, lakini ni doria moja kwa njia moja.

Ni njia gani, na saa ngapi? Anayejua ni mama anayekwenda kutafuta kuni, na mkulima anayerudi kuvuna shamba aliloliacha. Kwa hiyo nawaomba mambo manne.

Kwanza, komite ya kambi iandike kwa wiki 4: siku, saa, njia, na kilichotokea. Msiandike majina ya walioumizwa. Daftari likipotea, lisimletee mtu hatari.

Pili, pelekeni ombi moja lililo wazi. Msiseme tu "tunataka usalama". Semeni: "Tunaomba doria siku ya soko, njia ya mtoni, toka saa 9 mpaka saa 12 jioni."

Tatu, ombi hilo liandikwe pamoja na vijiji vilivyowapokea, na pamoja na majirani wa kabila lingine wanaopita njia ile ile. Likitoka upande mmoja tu, upande wa pili utasema polisi ni wa fulani, na doria yenyewe italeta ugomvi.

Nne, msikubali kununua doria. Mahali fulani nilipofanya kazi, familia zilichangishwa pesa za mafuta ya pikipiki. Mjane aliyekosa pesa ndiye aliyepitwa. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inasema polisi ni utumishi wa raia wote. Kamanda akikosa mafuta, tumsaidie kuandika kwa wakubwa wake, si kumtoza mjane.

Vijana, nawaelewa. Kukesha na firimbi, tochi na simu ni kazi njema. Lakini mkishika bunduki na kuweka kizuizi barabarani, leo mtamzuia adui, kesho mtamtoza mama yenu. Tumeshaona hayo hapa Ituri.

Sitawadanganya: daftari halizuii risasi. Lakini polisi wawili walio kwenye njia ya mtoni saa ile wamama wanapopita wana faida kuliko kumi walioketi kituoni. Tuanze na njia hiyo moja.