Kompyuta Inayokataa Kulala Baada ya Kupandishwa Toleo

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta na maofisa TEHAMA

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha rasmi msaada wa kawaida kwa Windows 10, na ofisi nyingi zilizokuwa zikisuasua zikalazimika kuhamia Windows 11. Uhamiaji wa namna hii haukosi vilio. Kompyuta iliyokuwa ikilala vizuri kwa miaka inaanza kuamka yenyewe usiku wa manane. Nyingine inalala lakini haiamki: skrini nyeusi, feni inavuma, kibodi haisikii. Nyingine inatolewa kwenye begi ikiwa ya moto, betri imekwisha. Mteja anarudi dukani na shutuma moja, kwamba imeharibika tangu ilipowekewa Windows mpya, na fundi asiye na subira anaipiga fomati. Kazi ya nusu siku inapotea, kisha hitilafu inarudi vilevile.

Hoja ya mada hii ni kwamba fomati iwe hatua ya mwisho, kwa sababu kompyuta yenyewe huandika nani aliyeiamsha na nani aliyeizuia kulala. Kinachotakiwa ni fundi kujua mahali pa kusoma.

Kwanza ieleweke usingizi huo unapangwa na nani. Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za pamoja ziitwazo ACPI, ambazo ziliukabidhi mfumo endeshi usimamizi wa umeme, kazi ambayo awali ilifanywa zaidi na BIOS. Kanuni hizo zilitaja ngazi za usingizi kwa herufi na tarakimu. Katika S3 karibu kila kitu huzimwa isipokuwa kumbukumbu ya RAM, ambayo huendelea kupewa umeme kidogo ili ishike kazi zilizokuwa wazi. Katika S4 yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski na mashine huzima kabisa. S0 ni hali ya kuwa macho. Hata baada ya mfumo endeshi kupewa usukani, bado unategemea majedwali ya BIOS na draiva za kila kifaa. Ni mkataba wa watu watatu, na anayepandisha toleo hubadilisha mmoja wao huku wengine wakibaki na masharti ya zamani. Kosa likitokea, mara nyingi liko pale wanapokutana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2015. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai mwaka huo, na waliokuwa na Windows 7 au 8.1 walipewa nafasi ya kuipata bure kwa mwaka mmoja. Haukupita muda, wenye laptopu za HP wakaanza kulalamika kwamba wakibonyeza kuzima au kulaza, skrini inazimika lakini taa zinabaki zinawaka na feni inaendelea kuzunguka. Wengi walidhani ubao mama umekufa. Chanzo kilikuwa draiva moja isiyojulikana na wengi, ya Intel Management Engine, sehemu ndogo iliyomo ndani ya chipu za ubao mama ambayo huendelea kufanya kazi hata kichakataji kikuu kikiwa kimelala. Windows 10 ilikuwa imeweka toleo la 11 la draiva hiyo juu ya mashine zilizotengenezwa kwa matoleo ya nyuma. Dawa iliyotolewa na HP yenyewe ilikuwa kurudisha toleo la 9 au la 10, kisha kuizuia Windows Update isilirudishe la 11.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Draiva mpya zaidi si lazima iwe draiva inayofaa, hasa kwa mashine ya miaka 5 au zaidi. Na fundi aliyekimbilia fomati wakati ule alijisumbua bure, kwa sababu Windows Update ilikuwa tayari kuipakua tena draiva ileile mara mashine ilipounganishwa na intaneti.

Tangu wakati huo suala limeongezeka uzito. Mwaka 2012 Windows 8 ilikuja na hali iliyoitwa Connected Standby, na katika Windows 10 hali hiyo ikapanuliwa na kupewa jina la Modern Standby. Kompyuta yenye hali hii hailali usingizi wa pono wa S3. Inabaki S0, ila matumizi ya umeme yanashushwa hadi chini kabisa. Ni usingizi wa mang'amung'amu: ujumbe unaweza kuingia, masasisho yanaweza kupakuliwa, na programu moja korofi inatosha kuifanya mashine ichemke ndani ya begi. Laptopu nyingi zilizotoka kuanzia mwaka 2020 hazina S3 kabisa, kwa sababu watengenezaji hawakuiweka kwenye BIOS. Mteja anayetaka laptopu yake mpya ilale kama ile ya zamani anadai kitu ambacho mfumo endeshi hauwezi kumpa peke yake. Zipo njia za mkato za kulazimisha S3 kupitia rejista ya Windows, na mada hii haizipendekezi: pale ambapo BIOS haina S3, mashine hubaki bila usingizi wowote, au hulala isiamke.

Kwamba ufunguo uko kwenye BIOS, ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6 ni ushahidi. Ilitoka mwaka 2018 bila S3, na watumiaji wa Linux wakapiga kelele kwa sababu betri ilikuwa ikiisha wakati mashine imelala. Baadaye mwaka huohuo Lenovo ikatoa BIOS mpya yenye chaguo la kurudisha S3. Mfumo endeshi haukuguswa.

Basi fundi aanzie wapi? Afungue kidirisha cha amri kwa haki za msimamizi na aandike powercfg /a. Jibu litaorodhesha hali za usingizi ambazo mashine inazo na zile ambazo haina, pamoja na sababu. Hapo ndipo njia panda ilipo. Yenye S3 na yenye Modern Standby zina tabia tofauti, na kuzitibu kwa dawa moja ni kubahatisha.

Ikiwa malalamiko ni kwamba inaamka yenyewe, amri ya powercfg /lastwake hutaja kilichoiamsha mara ya mwisho. Wakati mwingine jibu huwa tupu. Hapo fundi afungue Event Viewer, kwenye kumbukumbu za System, atafute chanzo kiitwacho Power-Troubleshooter. Tukio lake namba 1 huonyesha saa ya kulala, saa ya kuamka na kilichosababisha. Kwenye ofisi zenye mtandao wa waya, mshukiwa wa kwanza ni kadi ya mtandao. Kupandisha toleo huweza kuiwekea draiva mpya yenye mipangilio ya kiwandani, na mojawapo ni ruhusa ya kuamsha kompyuta kila ujumbe wa aina fulani unapopita kwenye waya. Katika mtandao wenye mashine nyingi jumbe hizo hazikomi. Orodha ya vifaa vyote vyenye ruhusa ya kuamsha hupatikana kwa powercfg /devicequery wake_armed, na ruhusa hiyo hufutwa kwenye Device Manager, ukurasa wa umeme wa kifaa husika. Kipanya nacho kikaguliwe, kwani kikiwa juu ya meza inayotikisika kinatosha kuiamsha mashine.

Mshukiwa wa pili ni saa. Windows ina kazi zake za ratiba, zikiwemo za kuwasha upya baada ya masasisho, ambazo huweza kuamsha kompyuta usiku. Amri ya powercfg /waketimers huzitaja. Kwenye mipangilio ya juu ya umeme kuna mahali pa kuzizuia, na kwa kompyuta ya nyumbani hakuna hasara kubwa kufanya hivyo.

Malalamiko yakiwa kinyume chake, yaani mashine hailali hata ikiachwa saa nzima, amri ni powercfg /requests. Itataja programu au draiva inayoishikilia. Mara kwa mara jibu ni kwamba kuna sauti inayotumika, hata kama spika ziko kimya: ukurasa wa kivinjari uliosahauliwa wazi, programu ya mikutano, au draiva ya sauti iliyobadilishwa wakati wa kupandisha toleo. Kwa mashine za Modern Standby ipo powercfg /sleepstudy, ambayo hutengeneza ripoti inayoonyesha kila kipindi cha usingizi, chaji iliyotumika, na nani aliyekula umeme huo. Ripoti hii ni hazina, na inasikitisha kwamba mafundi wengi hawajawahi kuifungua.

Kuna mtego mmoja unaowapoteza hata wazoefu. Tangu Windows 8, kuzima kompyuta kwa kawaida si kuzima kamili ikiwa Fast Startup imewashwa. Kiini cha mfumo na draiva huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilivyo wakati wa kuwasha. Fundi anayebadilisha mpangilio, akazima, akawasha, anaweza kuwa anajaribu hali ileile ya jana. Atumie Restart kila mara. Na akishuku kwamba faili la usingizi wa diski limeharibika, aandike powercfg /h off, awashe upya, kisha powercfg /h on ili faili jipya litengenezwe.

Hapa Afrika Mashariki kuna mambo mawili ya kuangaliwa kwa jicho la pekee. La kwanza ni kompyuta za mitumba. Nyingi huwa na BIOS ya tangu zilipotoka kiwandani, na si ajabu kukuta imefungwa kwa nywila ya mmiliki wa kwanza. Nyingine hazikidhi masharti ya Windows 11, mathalani TPM 2.0, lakini huwekewa kwa kukwepa ukaguzi. Kompyuta ya namna hiyo huenda mtengenezaji wake hajawahi kuiandalia draiva za toleo hilo, na usingizi ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuyumba. Mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

La pili ni umeme. Kompyuta ya mezani iliyolala kwa S3 hupoteza kila kilichokuwa wazi umeme unapokatika. Kwa sababu hiyo Windows Vista ilileta usingizi mseto, ambao huandika nakala kwenye diski huku RAM ikiendelea kushikiliwa. Baada ya kupandisha toleo ni vizuri kuhakikisha haujatoweka, maana huduma za kompyuta pepe kama Hyper-V zikiwashwa huuzuia, na powercfg /a husema hivyo waziwazi. Umeme huohuo ndio hatari kubwa wakati wa kusasisha BIOS: ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena. Laptopu iwe na betri iliyojaa na chaja ichomekwe. Ya mezani iwe kwenye UPS.

Kwa wanaotumia Linux kanuni ni ileile. Faili la /sys/power/mem_sleep huonyesha kama mashine inatumia s2idle au deep, ambayo ndiyo S3. Ubuntu huacha kernel ya awali kwenye menyu ya kuwashia, na hiyo ni njia nyepesi ya uchunguzi: mashine ikilala vizuri kwa kernel ya zamani na kukwama kwa mpya, eneo la kutafuta limeshapungua. Skrini ikibaki nyeusi baada ya kuamka kwenye mashine yenye kadi ya NVIDIA, draiva ya kadi hiyo ichunguzwe kabla ya kingine chochote. Kwenye Mac, amri ya pmset -g assertions hutaja wanaozuia usingizi, na pmset -g log hutoa historia. Baada ya toleo jipya Mac huweza kujenga upya faharasa ya utafutaji, kwa hiyo ipewe siku moja au mbili kabla ya kulaumiwa.

Washiriki wa semina wanaombwa jambo moja wanaporudi vituoni: kabla ya kupandisha toleo la kompyuta ya mteja, wahifadhi matokeo ya powercfg /a pamoja na namba za matoleo ya BIOS na ya draiva za michoro, mtandao na sauti, kisha wailaze na kuiamsha mbele ya mwenyewe kabla hajaichukua. Kasoro ikionekana na dawa isipatikane haraka, Windows 11 huruhusu kurudi kwenye toleo la awali ndani ya siku 10, mradi mafaili ya zamani hayajafutwa. Siku hizo zikipita, kurudi nyuma kunahitaji kusakinisha upya.