Gari la Haidrojeni: Gharama Imehamia Wapi?



Swali lililowasumbua kwa muda mrefu wahandisi wa magari ya haidrojeni lilikuwa ughali wa platinamu. Ndani ya seli inayogeuza haidrojeni kuwa umeme, madini hayo huigawa haidrojeni kuwa protoni na elektroni. Protoni hupenya utando, elektroni huzungukia kwenye waya na kuendesha mota, kisha zote hukutana na oksijeni na kuwa maji. Seli za namna hii zilirushwa angani na chombo cha Gemini 5 mwaka 1965, lakini hakuna familia ambayo ingeweza kuzinunua. Katika miaka ya 1980 watafiti wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walitumia chembe ndogo za platinamu zilizobebwa na kaboni na kuchanganywa na kemikali ileile ya utando. Mahitaji ya platinamu yalishuka hadi takribani sehemu ya kumi. Bila kazi ile, Toyota isingeanza kuuza gari lake la haidrojeni, Mirai, nchini Japani Desemba 2014.

Kwa hiyo seli si kikwazo kikuu tena. Ughali umehamia kwenye gesi yenyewe, na hapo ndipo naomba tutulie.

Haidrojeni ni nyepesi mno, hivyo ni lazima igandamizwe sana. Gesi asilia inayoendesha bajaji za Dar es Salaam hugandamizwa hadi shinikizo la baa 200 hivi. Haidrojeni ya Mirai hugandamizwa hadi baa 700, ndani ya matangi ya nyuzi za kaboni, ambazo ni ghali. Kituo cha kujazia kinahitaji kompresa zenye nguvu, na ili tangi lijae kwa dakika chache bila kupata joto kupita kiasi, gesi hupozwa hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri.

Tupige hesabu. Kutengeneza kilo 1 ya haidrojeni kwa kupitisha umeme kwenye maji hula karibu kilowati-saa 55, na kilo hiyo huipeleka Mirai kilomita 100 na ushei. Umeme huohuo ukichaji gari la betri, litafika karibu kilomita 300. Sioni namna ya kulikwepa pengo hilo kwa gari dogo la mjini.

California imeuonja ughali huo. Bei ya haidrojeni ilifika dola 36 kwa kilo, yaani takribani dola 200 kujaza tangi la kilo 5.6, na mwaka 2024 Shell ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo huko. Waliobaki na magari hayo walinunua teknolojia nzuri yenye vituo vichache vya kujazia.

Ndiyo maana nasema haidrojeni ianzie kwenye malori ya masafa marefu na mabasi yanayorudi karakana moja kila usiku. Huko betri huwa nzito, kujaza haraka kuna faida, na kituo kimoja hupata wateja wa uhakika.

Ombi langu kwa vyuo na karakana zetu: msitumie fedha chache tulizo nazo kuunda gari jingine la maonyesho. Zielekezeni kwenye mitambo ya kuzalisha haidrojeni, kompresa na matangi ya bei nafuu.