Gobore Si Bunduki ya Bei Nafuu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tunduru)



Nimeombwa nijibu swali la vijana wetu: kuna ubaya gani mtu akifuliwa bunduki na fundi wa kijijini, akajifunzia shabaha nyuma ya nyumba yake, maadamu ya dukani haishikiki kwa bei?

Swali hili si la kipuuzi. Njia ya wanyama kutoka Selous hadi Niassa, Msumbiji, inapita wilayani kwetu. Tembo, nguruwe na nyani hawangoji tuvune. Na gobore tumelirithi; katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, wazee wetu walikuwa nalo pamoja na mikuki.

Lakini tuhesabu gharama yote. Gobore hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na mtutu huo mara nyingi ni bomba lililotengenezwa kupitisha maji. Baruti ikiwaka hutafuta penye udhaifu, na bomba likipasuka, hupasuka karibu na jicho la mpigaji mwenyewe. Kwa shabaha pia halifai. Ndani ya mtutu hakuna mifereji ya kuizungusha risasi, hivyo kila risasi hushika njia yake. Mtu atajifunza nini hapo?

Halafu iko sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza au kumiliki silaha bila kibali. Mkulima akikamatwa na gobore lisilosajiliwa, shamba hubaki bila mwenyewe, na nguruwe hula kwa raha.

Ushauri wangu ni huu. Apendaye shabaha aombe kibali polisi, ajifunze mahali palipoidhinishwa, chini ya mwalimu. Alindaye shamba azungushe kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, maana tembo huchukia harufu hiyo, na amwarifu mapema afisa wanyamapori. Na aliyeachiwa gobore na marehemu baba yake asilifiche darini penye watoto. Amwone mwenyekiti wa kijiji, waulize polisi namna ya kulisalimisha.

Ndugu zangu, bei ya gobore hailipwi yote kwa fundi. Inayobaki hulipwa na mke na watoto.